Kiti cha mtoto katikati ya siti ya nyuma: kinacheza, kinalegea, hakifungi

Tukubaliane maneno kwanza. Nikisema siti, ni ya gari. Nikisema kiti, ni cha mtoto. Kifungio ni kile chenye kitufe chekundu, na ulimi ni chuma bapa cha mkanda kinachoingia ndani yake. Njia ya mkanda ni yale matundu au mifereji kwenye kiti ambamo mkanda wa gari unatakiwa upite. Kwenye viti vingi imewekewa rangi: bluu kiti kikitazama nyuma, nyekundu kikitazama mbele. Ukipitisha mkanda pengine, hata ukaze vipi, umefunga plastiki tu.

Matatizo yaliyomo humu sikuyatunga. Tangu tupate mtoto wa kwanza nimekuwa yule jirani wa Ilazo, hapa Dodoma, anayeitwa kila mtu akipata mjukuu: "Baba, hebu njoo utuangalizie hiki kiti." Magari ni yaleyale ya Japani yaliyojaa Dodoma: IST, Raum, Premio, RAV4, Noah, mara mojamoja Prado ya baba mkwe. Viti navyo vinatoka kila kona. Kuna vipya vya dukani, kuna vya mitumba, na kuna vilivyoletwa kwenye begi na shangazi aliyeko Marekani. Malalamiko ni kama kumi tu, na yanajirudia.

Kwa nini watu wanapang'ang'ania katikati? Kwa sababu ni mbali na milango yote miwili, na gari linapogongwa ubavuni mlango ndio unaoingia ndani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa kwenye jarida la Pediatrics mwaka 2008 ulikuta watoto wa miaka 0 hadi 3 waliokaa katikati nyuma walikuwa na hatari ya kuumia iliyo chini kwa asilimia 43 kuliko waliokaa pembeni. Lakini hao walikuwa wamefungwa. Kiti kilichokaza pembeni kinamlinda mtoto kuliko kinachocheza katikati, na yapo magari ambayo katikati pamekataa tu, utake usitake. Nalisema mapema ili ukifika mwisho wa hatua zako usione umeshindwa.

Jaribio ni moja. Kamata kiti palepale mkanda unapopita, kwa mkono usioutumia kuandikia, ukitikise kwa nguvu ya kawaida, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kikisogea chini ya sentimita 2.5, yaani inchi moja, kama upana wa kidole gumba, kimekaza. Usikitikise kwa juu kichwani. Huko kila kiti kinachotazama nyuma hucheza, na ndivyo kilivyoundwa.

Kisha tafuta vitabu viwili, cha kiti na cha gari. Cha gari mara nyingi ni cha Kijapani, kama hakikupotelea bandarini. Programu ya simu inayotafsiri kwa kamera inasaidia sana, na michoro inaeleweka hata bila tafsiri.

"Nimekaza mpaka jasho linanitoka, bado kinacheza"

Hili ndilo la kila wiki. Anza na jepesi.

Sababu ya kwanza ni mkono. Watu wengi wanavuta mkanda huku kiti kimekaa juu juu. Siti ina sponji. Usipoikandamiza, mkanda unakaza hewa. Weka mkono uliokunjwa ngumi, au goti kama kitabu cha kiti hakikatazi, ndani ya kiti pale mkanda unapopita. Lalia hapo kwa uzito wako, huku mkono mwingine ukivuta mkanda kwa kuufuata uelekeo wake. Ukiuvuta kwenda juu wakati wenyewe umelala, unasuguana na plastiki na nguvu yako inaishia hapo. Kazi ni ya watu wawili ukiwa mgeni, mmoja analalia na mwingine anavuta. Nusu ya magari niliyoitiwa yaliishia hapa, na mwenye gari akabaki anacheka.

Ya pili ni siti kava. Hapa kwetu gari halijakamilika bila siti kava za ngozi ya bandia, tena zenye sponji ya ziada ndani. Zinateleza, zinabonyea, na mara nyingi fundi wa siti amezipitisha juu ya mzizi wa kifungio hivyo kinachungulia kwa shida. Vua kava ya siti ya nyuma, jaribu upya kwenye kitambaa cha asili. Ukiogopa mtoto kuchafua, tandika khanga nyepesi moja baada ya kuona kitabu hakikatazi. Usiweke godoro la mtoto, taulo nene wala mkeka wa mpira. Kitu chochote kinachobonyea chini ya kiti leo kitabonyea zaidi kesho, na mkanda utabaki umelegea.

Ya tatu ni kifungio kirefu. Chungulia njia ya mkanda. Kama kifungio chenyewe, badala ya utepe wa mkanda, ndicho kimelala kwenye ukingo wa plastiki ya kiti, mkanda hauwezi kukaza kwa sababu unavutia kwenye kona. Pia kifungio kinaweza kuvunjika au kufunguka chenyewe ajali ikitokea. Kama shina lake ni la utepe laini, baadhi ya watengenezaji wanaruhusu kulizungusha mara moja hadi tatu ili lifupike, ulimi uingie bila kupinda. Vitabu vyote viwili visipokuruhusu, usilizungushe. Kama shina ni gumu, la waya au plastiki, liache. Katikati hapakufai, hamia pembeni.

Ya nne ni umbo la siti. Katikati pa magari mengi pameinuka kama mgongo wa ngamia, pembamba, pagumu. Kitako cha kiti kinakaa juu ya kilima na kuyumba kama meza ya miguu mitatu. Kwenye siti inayokunjwa vipande viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, kiti kinaweza kukalia mpasuko: nusu huku, nusu kule. Angalia pia mashina ya mikanda yamechomoza wapi. Yakitokea mbele ya kona ya siti, mbali na mgongo wake, kiti kitakuwa kinateleza mbele kila unapopiga breki. Dawa ya kaya hapa haipo. Jaribu kiti kingine chenye kitako chembamba zaidi, au nenda pembeni.

Ya mwisho, na ni ya viti vinavyotazama mbele tu: egemeo la kichwa la siti linakisukuma kiti mbele, mgongo wa kiti haugusi mgongo wa siti. Linyanyue au uling'oe kama kitabu cha gari kinaruhusu, lakini lihifadhi. Mtu mzima akikaa hapo kesho atalihitaji.

Umepitia yote na bado kinapita kidole gumba? Acha. Usiongeze kamba ya katani, mpira wa baiskeli wala mkanda wa kufungia mizigo. Nimeviona vyote vitatu.

"Jana kilikuwa kimekaza, leo kimelegea"

Mara nyingi kosa si lako, ni la rola, kile kidude kinachoukunja mkanda na kuurudisha ndani. Kwenye magari mengi tunayotumia, rola hujifunga pale tu gari linaposhtuka au mkanda ukivutwa ghafla. Muda mwingine mkanda uko huru, unatoka na kurudi. Mtu mzima anapenda hivyo, maana anaweza kuinama kuokota simu. Kiti cha mtoto kikipita kwenye matuta na barabara za vumbi za mtaani, kinanyonya utepe kidogo kidogo, na jioni umelegea.

Jua rola yako ni ya aina gani. Vuta mkanda taratibu mpaka mwisho kabisa, kisha uachie urudi kidogo. Ukisikia tik-tik-tik, na ukijaribu kuuvuta tena unagoma, rola hiyo ina kufuli ya kiti cha mtoto. Pitisha mkanda kwenye kiti, ingiza ulimi kwenye kifungio, vuta sehemu ya bega mpaka mwisho, halafu lisha mkanda urudi ndani huku umelalia kiti. Kila tik ni sentimita uliyopata bure.

Ukirudi kimyakimya bila tik yoyote, rola haina kufuli hiyo, na kazi ni ya kiti. Tafuta kibanio kwenye kiti chenyewe, kidude cha rangi kinachobana utepe karibu na njia ya mkanda. Watu wanakiacha wazi kwa sababu hawakijui, au wanadhani ni cha kupitishia kamba ya vinyago. Viti vya zamani vya Marekani vilikuja na klipu ya chuma yenye umbo la herufi H, mara nyingi imebandikwa nyuma au chini ya kiti. Inabana utepe wa kiunoni na wa begani pamoja, karibu kabisa na ulimi, ndani ya sentimita 2.5. Mtu mzima akikaa hapo, itoe. Kiti hakina kibanio, hakina klipu, na rola haina kufuli? Hicho hakipatani na gari lako.

Sababu nyingine ndogo: mkanda umejikunja mahali fulani kama kamba ya mwanasesere, ukanyooka njiani. Unyooshe kuanzia rola hadi kifungio. Mimi nikienda Dar hukagua nikisimama Gairo kunywa chai. Hainichukui dakika.

"Katikati kuna mkanda wa kiunoni tu"

Magari mengi ya zamani ndivyo yalivyo: pembeni mikanda ya ncha tatu, katikati utepe mmoja wa kupita mapajani kama wa ndege. Si ubovu, wala si lazima ukate tamaa.

Kitabu cha kiti ndicho hakimu. Viti vingi vya Marekani vyenye mikanda yake ya ndani vinaruhusu mkanda wa kiunoni. Vingi vya Ulaya vinadai wa ncha tatu na vimechorwa hivyo ubavuni. Kinaporuhusu, raha yake ni kwamba mkanda wa kiunoni usio na rola, ule unaokazwa kwa kuvuta ncha, ukishakaza haurudi. Ila hakiki ulimi wake. Unapoulaza sambamba na utepe unabana, ukiuinua wima unaachia. Kama mtikisiko wa gari unauinua, mkanda utalegea. Hapo pindua ulimi upande wa pili, kitabu kikiruhusu, uone kama unalala vizuri.

Kitu kimoja hakina hakimu: kile kiti cha kumwinua tu mtoto mkubwa, kisicho na mikanda yake, HAKIKALIWI na mkanda wa kiunoni. Gari likisimama ghafla mwili wa juu unakunjika mbele na utepe unakata tumbo. Mtoto huyo apelekwe pembeni kwenye mkanda wa ncha tatu, hata kama ndugu zake watagombania dirisha.

Na usimruhusu fundi akubuni mkanda wa tatu wa katikati kwa kutoboa bati la nyuma. Mkanda hushikiliwa na chuma kilichoimarishwa kiwandani, na bati la kawaida litachanika kama karatasi.

"Mkanda wa katikati unatoka darini"

Kwenye magari ya familia na ya mtindo wa jeep hii ni kawaida. Mkanda una ndimi mbili: kubwa ya kifungio cha kawaida, na ndogo ya kifungio chake kidogo, mara nyingi cheusi, chenye tundu la kufungulia kwa ncha ya ufunguo. Siti ilipolazwa kubeba magunia au mizigo ya harusi, mtu alifungua ule mdogo na hakuurudisha. Kwa macho mkanda unaonekana umefungwa. Kwa ukweli umening'inia kutoka darini, na chini hausimamii popote.

Ingiza ulimi mdogo kwanza mpaka ulie, uvute kwa nguvu kuhakikisha, ndipo uendelee na mkubwa. Nimeukuta umefunguliwa kwenye gari tatu ndani ya mwaka mmoja, na wote watatu walikuwa wazazi makini kuliko mimi.

"Mkanda umegoma kutoka" au "haufiki"

Umegoma: pengine gari limeegeshwa mteremkoni, na rola inahisi mwinamo kama ajali. Sogeza gari mahali tambarare. Au umeuvuta kwa hasira: uachie urudi wote, uvute polepole. Au ile kufuli ya tik-tik imejishika: uachie urudi mpaka mwisho kabisa ndipo itajifungua. Vumbi letu la kiangazi nalo huingia kwenye rola. Vuta utepe wote nje, ufute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uache ukauke kivulini ukiwa nje kabla ya kuurudisha. Ukigoma baada ya hapo, ni kazi ya fundi wa mikanda. Usiifungue rola mwenyewe, ndani mna springi inayoruka.

Haufiki: kiti kinachotazama nyuma hula utepe mrefu kuliko kinachotazama mbele. Hakikisha hujaupitisha kwenye njia nyekundu wala kuuzungusha mara mbili. Utepe ukiwa kweli mfupi, hakuna kiungo cha kuurefusha kinachofaa isipokuwa mtengenezaji wa kiti amekiruhusu kwa maandishi.

"Kifungio hakilii"

Cha gari kwanza. Siti ya nyuma ina vifungio vitatu vilivyobanana, na ulimi wa pembeni unaweza kuingia nusunusu kwenye kifungio cha katikati. Mara nyingi cha katikati kimeandikwa CENTER. Linganisha. Ukikosea, ulimi hukaa bila mlio na hutoka ukivutwa.

Kama ndicho chenyewe, washa tochi ya simu uchungulie. Kwa Dodoma jibu ni ubuyu. Mbegu moja yenye sukari na rangi nyekundu ikidondoka ndani ya kifungio, ikipata jua la Oktoba, inageuka gundi. Zabibu zinafuata, halafu sarafu za chenji, halafu mchanga wa kawaida wa upepo. Tumia mashine ya kufyonza vumbi, au pampu ya upepo ya gereji kwa mbali na kwa upole. Sukari iliyoganda kwenye kifungio cha gari usiimiminie maji, oili wala dawa ya kupulizia ya kutu. Oili huvuta vumbi na kulainisha pasipotakiwa kulainishwa. Kisipopona, badilisha kifungio kizima.

Kifungio cha kiti chenyewe, kile cha katikati ya miguu ya mtoto, ni tofauti kidogo. Vitabu vingi vinaruhusu kukichovya kwenye maji ya uvuguvugu bila sabuni, kubonyeza kitufe mara nyingi, na kukausha kivulini. Soma chako. Oili hata hapo hapana.

Na kuhusu jua: chuma cha gari lililoegeshwa nje mchana kinachoma ngozi ya mtoto kweli. Funika kiti kizima kwa kitenge kila ukiegesha. Kinaokoa pia mikanda, maana utepe uliopaukwa na jua hupoteza nguvu.

"Siioni isofiksi ya katikati"

Huioni kwa sababu haipo. Isofiksi, yaani zile pete mbili za chuma zilizojificha kwenye kona ya siti, ambazo viti vipya vinajichomeka, kwa kawaida zimewekwa pembeni tu, na magari ya zamani hayana kabisa. Wajanja huchukua pete ya ndani ya kushoto na ya ndani ya kulia wakazifanya za katikati. Umbali kati yake ni mkubwa kuliko ule wa kiwango, ambao ni sentimita 28, na vile vikono vya kiti vinavyoshika pete havikupimwa kwa mvuto wa namna hiyo. Kitabu cha gari na cha kiti visiporuhusu vyote viwili, usifanye. Katikati tumia mkanda.

Usitumie pia vyote kwa pamoja, isofiksi na mkanda, kwa mawazo kwamba mbili ni bora kuliko moja. Ni kimoja au kingine, mpaka mtengenezaji aseme vinginevyo. Na isofiksi ina kikomo cha uzito: viti vya Ulaya vinahesabu kilo 33, mtoto na kiti pamoja.

"Nikipiga breki, kiti kinainama mbele"

Kwa kiti kinachotazama mbele, swali la kwanza: mkanda wa juu uko wapi? Ni utepe mrefu nyuma ya kiti wenye ndoano. Asilimia kubwa ya ninaowatembelea wameukunja na kuufunga kwa mpira wa pesa kwa sababu "ulikuwa unasumbua". Ndio unaozuia kichwa cha mtoto kurushwa mbele. Pete yake inaweza kuwa nyuma ya mgongo wa siti, kwenye rafu chini ya kioo cha nyuma, kwenye sakafu ya buti au darini, na mara nyingi ina alama ya nanga. Usiichanganye na pete za kufungia mizigo kwenye buti. Egemeo la kichwa likiwa la miguu miwili, utepe hupita katikati chini yake. Kaza mpaka usionekane umelegea, ila usikinyanyue kiti.

Gari lisilo na pete hiyo lipo, hasa la miaka ya 1990. Kiti kinachouhitaji kwa lazima usikitumie humo.

Baadhi ya viti vina mguu unaosimama sakafuni badala ya mkanda wa juu. Katikati ndiko mguu unakosa raha, kwa sababu sakafu ina kile kilima cha bomba la moshi, au kifuniko cha sanduku la kuhifadhia vitu ambacho kitapasuka. Mguu usimame pagumu, na usiwekewe tofali wala kitabu chini. Nimewahi kukuta kamusi.

"Kichwa cha kichanga kinaanguka kifuani"

Hili msilichukulie kama la starehe. Kichanga kidevu kikigusa kifua njia ya hewa inaweza kubana bila sauti. Simamisha gari, mtoe, mnyooshe.

Halafu tafuta sababu, gari likiwa limesimama tambarare. Kiti kinachotazama nyuma kina mstari au kiputo cha hewa cha kuonyesha mwinamo. Kwa kichanga ni takriban nyuzi 45, akikua anasimama zaidi. Siti nyingi zimeinama kurudi nyuma, hivyo kiti kinakaa wima kupita kiasi. Kwanza badilisha ngazi ya mwinamo kwenye kitako cha kiti. Kisipotosha, na kitabu kikiruhusu, kunja taulo kama mkeka wa kuviringisha ulitie kwenye kona ya siti, chini ya sehemu ya miguu. Hapa tu ndipo taulo linaruhusiwa, na lazima urudie jaribio la kidole gumba.

Sababu ya pili ni vile vijimito na mito ya shingo vinavyouzwa kando na kiti. Kama havikuja ndani ya boksi lake, viondoe. Ya tatu ni egemeo la mkono la katikati: likifunguka lenyewe mbele linakisukuma kiti. Vitabu vingine vinakataza kufunga kiti mbele ya egemeo linaloweza kuanguka.

"Mtoto anachomoa mabega"

Kwa kifupi. Mtoto anayetazama nyuma, mikanda ya begani itoke usawa wa mabega au chini yake. Anayetazama mbele, usawa wa mabega au juu yake. Jaribu kubana utepe begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo wa kushika, umelegea. Kiti chenye klipu ya kifuani, ikae usawa wa kwapa, si tumboni.

Kosa la Juni na Julai, asubuhi ile ya upepo wa Dodoma: mtoto anafungwa akiwa na sweta mbili na koti, halafu bibi anamviringisha blanketi ndani ya mikanda. Nguo ikibonyea mikanda inaning'inia. Funga kwa nguo nyepesi, funika juu baadaye. Bibi atalalamika. Vumilia.

Mahali pa kuacha na kutafuta fundi

Utepe wa gari au wa kiti umechanika, umeungua sigara, umekuwa na nyuzi au umekatwa na mlango: hakuna kushona. Wapo wanaopeleka kwa fundi viatu, na anashona vizuri kweli, lakini uzi wake haukupimwa kwa uzito wa mtoto anayerushwa kwa kilomita 80 kwa saa. Mkanda wa gari unabadilishwa mzima pamoja na rola yake. Ukinunua wa chakavu, hakikisha umetoka kwenye gari la aina hiyohiyo ambalo halikupata ajali.

Kiti kimekuwemo kwenye ajali kubwa, plastiki ina ufa au imepauka ikawa nyeupe, tarehe ya mwisho iliyogongwa chini ya kitako imepita, au lebo yote imeng'oka usijue ni cha kiwango cha Ulaya (R44 au R129) au cha Marekani: usikitumie na usimpe mwingine. Kikate mikanda kabla ya kukitupa, ili mtu asikiokote akakirudisha sokoni.

Boliti ya mkanda ina kutu, inacheza, au gari limewahi kunyooshwa bodi kwa nyuma: fundi wa bodi mwenye uzoefu aitazame kabla kiti hakijafungwa. Taa ya mfuko wa hewa inawaka dashibodi: fundi umeme wa gari mwenye mashine ya kupimia. Wala usiamue kuhamia mbele kwa hasira ya katikati kukataa. Kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi kinaua.

Mwenye fundi wa kuchomelea anayejitolea "kukutengenezea pete za isofiksi", mshukuru na umkatalie. Vilevile siti za ubavuni za Land Cruiser za kazini, zile za kutazamana: hakuna kiti cha mtoto kinachofungwa hapo, wala cha katikati wala cha pembeni.

Na mkiwa watu wazima wawili wa kukaa nyuma, kaeni kwanza nyote mjifunge kabla ya kuwasha gari. Kiti cha katikati mara nyingi hufunika kifungio cha jirani, na shangazi anaishia kushika mkanda kwa mkono hadi Kibaigwa. Ikiwa hivyo, kiti kihamie nyuma ya abiria wa mbele, shangazi akae nyuma ya dereva, na katikati pabaki patupu.